Kuchemsha Hakutoshi: Maji na Hewa ya Nyumba Zetu Vipimwe



Kila mtoto wa Likasi na wa Kambove husikia mambo mawili kabla hajajua kusoma. La kwanza: maji yakichemshwa yamekuwa salama. La pili: maji maangavu, yasiyo na harufu wala ladha mbaya, hayana neno. Jambo la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni uongo, nao una hatari kubwa zaidi katika nchi yetu hii ya mawe kuliko karibu popote pengine duniani. Tumechoka kuyasikia yakirudiwa kwenye mikutano ya mitaa, shuleni na hata uwanjani mwa parokia, kana kwamba juu ya maji hakuna lingine la kusemwa.

Twende kwa utaratibu. Shinkolobwe iko katika teritori ya Kambove, upande wa magharibi ya Likasi. Urani iligunduliwa pale mwaka 1915. Union Minière ikaanza kuichimba mwaka 1921, kwanza kwa ajili ya radiamu iliyosafishwa Olen, nchini Ubelgiji, na baadaye kwa ajili ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mawe ya pale yalikuwa na urani nyingi kuliko ya mgodi mwingine wowote uliojulikana wakati ule. Wakoloni walipoondoka mashimo yalizibwa, lakini miaka ya tisini ilipokuwa ikiisha wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti. Mwanzoni mwa 2004 amri ya Rais ikakataza kuchimba hapo. Julai ya mwaka uleule shimo likaporomoka na kuua watu. Kisha, Novemba 2007, kukatangazwa kwamba tani kadhaa za mawe ya shaba yenye mionzi, yaliyotakiwa kufukiwa Shinkolobwe, zilikuwa zimetupwa katika mto Mura, karibu na Likasi. Mto huo watu huchota.

Hayo ndiyo yaliyofahamika kwa sababu yalikuwa makubwa mno kufichwa. Yasiyoonekana hayatangazwi na mtu.

Urani haikai kama ilivyo. Polepole mno hugeuka kuwa vitu vingine, kimoja baada ya kingine. Katika mnyororo huo hutokea radiamu, na radiamu huzaa radoni. Radoni ni hewa. Haina rangi, harufu wala ladha. Hutoka ndani ya mwamba na udongo, ikapanda kupitia nyufa. Nje, upepo huitawanya. Ndani ya chumba kilichofungwa hujikusanya. Nusu yake huisha kila baada ya siku nne kasoro kidogo, lakini inapoisha huacha chembe zenye mionzi ambazo hunata kwenye vumbi, nasi tukazivuta hadi mapafuni. Shirika la Afya Duniani limeitaja radoni kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya kansa ya mapafu, ikifuata nyuma ya sigara. Na hatari yake kwa mvutaji wa sigara hukadiriwa kuwa mara 25 ya ile ya asiyevuta. (Walio na mazoea ya kuvuta nyuma ya ukumbi wa parokia na wasome sentensi hiyo mara mbili.) Shirika hilo linapendekeza nyumba zisipite bekereli 100 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na pale nchi isipoweza kufikia hapo, zisizidi 300. Bekereli moja ni kiini kimoja cha atomu kinachovunjika kila sekunde.

Anayedhani kwamba jambo hili lawahusu wachimbaji peke yao na asikie habari za Stanley Watras. Alikuwa mhandisi katika kituo cha umeme wa nyuklia kilichokuwa kikijengwa Pennsylvania, Marekani. Desemba 1984 mitambo ya kupimia mionzi kazini kwake ilipiga kelele alipopita, ilhali kituo kilikuwa hakijaanza kuzalisha kitu. Mionzi aliitoa nyumbani. Hewa ya nyumba yake ilipopimwa, ilikutwa na karibu bekereli 100 000 katika mita ya ujazo. Hakuwa mchimbaji; nyumba ilisimama tu juu ya mwamba wenye urani. Mafundi walitoa hewa ya chini ya sakafu kwa bomba na feni, wakaziba nyufa, na familia ikarudi kulala humo. Tunaisimulia habari hiyo kwa ajili ya mwisho wake hasa: nyumba ilipimwa, ikatengenezwa, ikakaliwa tena.

Sasa turudi kwenye sufuria. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na hatumruhusu mtu yeyote ayatumie maandiko haya kuacha kuchemsha au kutia klori. Mwanzoni mwa 2008 kipindupindu kiliipiga Likasi pamoja na Lubumbashi. Ugonjwa huo huweza kumwondoa mtoto kati ya asubuhi na jioni, wakati kansa hungoja miaka mingi. Mwenye akili hujikinga kwanza na kile kinachoua leo. Lakini urani iliyoyeyuka majini haifi kwa moto, kwa maana haikuwa hai. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe hubaki katika yale machache yaliyosalia, pamoja na kobalti na risasi kama vilikuwemo. Klori haiiondoi, na kitambaa cha kuchujia ni kama hakipo. Tena urani katika maji huumiza figo kwa sumu yake, hata kabla ya kuhesabu mionzi; ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 30 katika lita moja.

Radoni, kwa upande wake, haikai ndani ya maji. Maji ya kisima kirefu kilichotobolewa mwambani huweza kuibeba, ila hutoka mara maji yanapotikiswa, kumiminwa au kuchemshwa, ikaingia katika hewa ya chumba. Maji ya mto huwa nayo kidogo sana. Basi anayechemsha maji ya kisima cha namna hiyo na achemshe nje. Hata hivyo, kwa kawaida sehemu kubwa ya radoni ya nyumba haitoki ndani ya kikombe, hutoka chini ya mkeka.

Na hapa ndipo desturi zetu zinapotugeuka. Tazameni jinsi tunavyolala mwezi wa Juni na wa Julai, baridi ya Katanga inapouma. Dirisha hufungwa, matundu ya hewa yaliyo chini ya mabati huzibwa kwa matambara, mbabula yenye makaa huingizwa ndani. Moshi wa makaa usioonekana huweza kuua usiku uleule, jambo ambalo kila mmoja wetu analijua na bado linafanyika. Zaidi ya hapo, hewa iliyopashwa moto hupanda na kutoka juu, na chumba kikavuta nyingine kutoka chini, katika udongo, kupitia kila ufa wa sakafu. Nyumba huwa kama mtu anayenyonya kwa mrija. Sakafu ya udongo au ya saruji iliyopasuka, chumba kimoja, watu sita, milango imefungwa tangu saa moja ya jioni: hatuhitaji shahada ili kutambua kwamba matundu yale yafunguliwe na nyufa zile zizibwe. Gharama yake ni karai la saruji na blanketi moja la ziada.

Kuna na suala la mchanga. Matofali yetu ya udongo wa kichuguu hatuyagombi. Tunagomba kifusi kinachookotwa kwenye mabaki ya migodi kwa sababu ni cha bure, kisha kikatandazwa chini ya sakafu au kuchanganywa katika saruji. Huko Mounana, mji mdogo wa Gabon ambako urani ilichimbwa tangu 1961 hadi 1999, nyumba zilijengwa kwa mabaki ya mgodi, na wakazi wakaja kuambiwa baadaye kwamba kuta zao zenyewe zilikuwa na mionzi. Yeyote anayemuuzia mjane mkokoteni wa kifusi cha namna hiyo bila kumwambia kilikotoka, anatenda dhambi, na jina lingine hatuna.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Kila jipu, kila mimba iliyoharibika, kila kikohozi kwao ni urani, na dawa wanayo mkononi, kwa bei. Hao hatuwaheshimu kuliko wale wanaosema hakuna kitu. Wote wawili wanazungumza bila kupima; mmoja anauza usingizi, mwenzake anauza hofu.

Tunaambiwa: mambo haya ni ya wataalamu, vijana wa parokia hayawahusu. Sawa, wataalamu wapo, tena wa kwetu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Waliokaa karibu na migodi walikutwa na kobalti, risasi na urani nyingi kuliko waliokaa mbali. Walipata majibu kwa sababu walikwenda nyumba kwa nyumba na vichupa. Kupima radoni ni kazi nyepesi kuliko hiyo: kifaa kidogo cha plastiki, kisichohitaji umeme, huwekwa chumbani miezi mitatu hivi, kisha hupelekwa maabara kusomwa. Maji nayo huhitaji chupa safi na maabara yenye mashine ya kupima metali.

Wala hatuombi hisani. Kibali 48 cha Katiba ya 2006 kinadhamini haki ya makao yanayofaa na haki ya kupata maji ya kunywa. Tuna sheria ya Oktoba 2002 juu ya kinga dhidi ya hatari za mionzi, na sheria ya maji ya Desemba 2015. Tuna kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mionzi, na Kinshasa pana kituo cha nyuklia kilichowasha kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika mwaka 1959. Nchi iliyotoa urani ya bomu la kwanza la vita, na iliyotangulia Afrika nzima kuwa na kinu, itashindwaje kuweka kifaa cha plastiki katika darasa la watoto wa Kambove? Wanaojibu kwamba fedha hakuna wangesimama siku moja kando ya barabara ya Likasi, wayahesabu malori ya shaba na kobalti yanayopita.

Kikundi chochote cha vijana, kiwe cha Kiro, cha Xaveri au cha Kizito-Anuarite, kinaweza kuanza Jumamosi hii. Chukueni daftari. Andikeni kila kisima na kila chemchemi ya parokia: kina chake, mwaka kilipochimbwa, umbali wake kutoka kwenye mabaki ya mgodi, nani alipima maji yake kwa metali na lini. Fanyeni hivyo kwa madarasa pia, kuhusu hewa. Pale ambapo safu ya mwisho itabaki tupu, barua iende kwa mkuu wa teritori au kwa meya, na nakala kwa daktari wa eneo la afya, ikitaja sheria zile tatu kwa majina. Nakala nyingine ibandikwe kwenye mlango wa kanisa, ikiwa na tarehe ilipopokelewa na jina la ofisi iliyoipokea, na ikae hapo hadi jibu lenye tarakimu litakapobandikwa kando yake.