Porojo za Nani? Uhakiki wa Fasihi na Maandishi ya Kila Siku ya Mtandaoni, kwa Kurejelea Tseikuru

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili katika vyuo vikuu kuyatazama kwa jicho la dharau maandishi ya mtandaoni, hasa yale yanayotungwa na watu wa kawaida katika blogu, kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp. Husemwa kwamba hizo ni porojo tu. Hazina mhariri, hazina muundo, zimejaa makosa ya tahajia, na mambo yanayozungumzwa humo, yaani bei ya mbuzi, mvua iliyokawia, simu iliyozima chaji, hayastahili kushughulikia akili ya msomi. Hukumu hii hutolewa kwa uhakika mkubwa, na aghalabu na watu ambao hawajayasoma maandishi yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu hiyo haina mashiko kihistoria wala kinadharia, na kwamba wanaoilipia gharama ni watu wa mahali kama Tseikuru, ambao hawakuulizwa.

Na tuanze na historia, maana ndiyo inayosahauliwa kwanza. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa baina ya mwaka 1776 na 1840, hakuwa akiandikia mtihani wa chuo. Alitunga kwa ajili ya watu wa mji wake, kuhusu ugomvi wao, siasa zao, mapenzi yao na ufukara wao. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Kwa lugha ya leo ungeitwa ujumbe binafsi. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, kurasa zake zilijazwa barua na mashairi ya wasomaji: makarani, walimu, watu wa kawaida waliojua kusoma. Shaaban Robert mwenyewe alipitia humo. Kisha ikaja redio, na pamoja nayo kadi za salamu, ambapo msikilizaji wa kijijini aliwataja kwa majina ndugu na marafiki zake, akajipa lakabu ya kishairi, na sauti ya mtangazaji ikamfikisha nchi nzima. Haiwezekani mhakiki akaisifu Mambo Leo kuwa chimbuko la ushairi wa magazeti, kisha akaiita blogu takataka kwa sababu tu waandishi wake ni wengi na hawajulikani. Wa Mambo Leo nao walikuwa wengi, na hawakujulikana.

Linalokera zaidi ni kwamba dharau hii inatoka katika idara ambazo zenyewe zilizaliwa kwa kuipinga dharau. Mwezi Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi simulizi ya Kiafrika iwekwe katikati ya mtaala. Hoja waliyojibiwa nayo wapinzani wao inafahamika: hadithi za bibi si fasihi. Leo wajukuu wa kitaaluma wa mapinduzi hayo wanasema hadithi za bibi ni fasihi, ila bibi huyohuyo asizisimulie kwa ujumbe wa sauti katika simu ya mjukuu wake. Kwa mintarafu ya nadharia, tofauti iko wapi? Fanani yupo, hadhira ipo, tukio la utendaji lipo. Kilichoongezeka ni chombo, na chombo hakijawahi kuwa hoja dhidi ya utanzu.

Tseikuru ni mfano mwafaka kwa sababu hakuna anayeutarajia. Mji huu mdogo uko kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, katika eneobunge la Mwingi Kaskazini, nchi ya ukame, ya mibuyu na migunga na mito ya mchanga ambamo maji huchimbuliwa kwa mikono. Upande wa kaskazini uko Mto Tana, na ng'ambo yake Tharaka na Meru. Katika ramani za siasa mji huu hutajwa kwa kuwa ndiko alikozaliwa Kalonzo Musyoka. Katika ramani za fasihi hautajwi kabisa. Mwanafunzi akitumwa huko, hutumwa kukusanya nyimbo za kilumi na za mwethya, akiwa na fomu yenye nafasi ya kujaza umri wa mtoa habari, na umri unaotakiwa, ingawa haiandikwi hivyo, ni kuanzia miaka sabini. Vijana wanaokaa nje ya kibanda cha kuchajia simu kwa umeme wa jua, vidole vikikimbia juu ya vioo vilivyopasuka, anawapita kana kwamba ni miti.

Akisimama akasoma, angeona nini? Angeona kwanza kwamba maandishi haya yana kaida zake. Huanza kwa kuomba radhi: netiwaki ilipotea, simu ilizima, bando liliisha. Hufuata habari yenyewe, mathalani ng'ombe waliopotea, mazishi na mchango wake, lori lililokwama mtoni, au bei ambayo madalali walitoa kwa mbuzi siku ya soko. Kisha mwandishi hutupa kijembe kwa mtu ambaye kila msomaji wa hapo anamjua na ambaye hatajwi. Mwisho hukatika ghafla, wakati mwingine katikati ya neno. Mhakiki wa kawaida huuona mwanzo ule kuwa upuuzi na mwisho ule kuwa kasoro. Lakini mtambaji anaposema "Paukwa" na hadhira ikajibu "Pakawa", hakuna anayelalamika kwamba maneno hayo hayaongezi habari. Kazi yake ni kufungua jukwaa na kuhakikisha kwamba watu wapo. Lalamiko la netiwaki linafanya kazi hiyohiyo. Linasema: jueni ninaandika kutoka wapi, na kwa taabu gani, na mwaweza kunikosa wakati wowote. Pale ambapo mhakiki aliyeko Nairobi, mwenye umeme mchana kutwa, anasoma manung'uniko ya mtu na kifaa chake, msomaji wa Kyuso anasoma fomula.

Manung'uniko hayo, hata hivyo, si mtindo mtupu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 47.3 ndio waliomiliki simu ya mkononi, na asilimia 22.6 tu ndio waliotumia intaneti. Hizo ni takwimu za nchi nzima, Nairobi ikiwamo. Kwa hiyo anayeandika kutoka Tseikuru anaandika pia kwa niaba ya jirani asiyeweza, na mara nyingi huandikia kwenye simu ya kuazima. Dhana ya "mwandishi" kama mtu mmoja mwenye jina moja, ambayo wahakiki wameikopa kwenye riwaya, haimtoshi. Anayeimla na anayebonyeza si mtu yuleyule.

Suala la tahajia linahitaji kutuliwa kidogo, kwa kuwa ndilo silaha kuu ya wanaodharau. Kĩkamba kina irabu saba, na maandishi yake hutofautisha ĩ na i, ũ na u. Simu nyingi zinazouzwa masokoni huja zikiwa zimepangiwa Kiingereza. Asiyejua namna ya kubadili mpangilio huo, na wengi hawajui, huandika irabu tano pale lugha yake inapodai saba. Juu ya hayo, programu ya kusahihisha maneno huyashika maneno ya Kĩkamba na ya Kiswahili na kuyageuza kuwa ya Kiingereza kabla mwandishi hajainua kidole. Sentensi hutoka ikiwa si yake. Msomi anayehesabu makosa hayo na kumwandikia mwenyewe hasemi lolote kuhusu umahiri wa mtu wa Tseikuru. Anasahihisha kazi ya mhandisi wa kigeni. Wenye simu wenyewe wameshapata dawa ambayo haijaingia katika vitabu vya nadharia: wameacha herufi, wamehamia kwenye ujumbe wa sauti. Yaani teknolojia ya maandishi iliposhindwa kubeba lugha yao, waliigeuza kuwa chombo cha usimulizi. Kama hilo si jambo la kutafitiwa na idara ya fasihi, ni vigumu kusema ni lipi.

Aidha, kuna lile shutuma la kuchanganya ndimi. Ni kweli matini hizi huruka kutoka Kĩkamba hadi Kiswahili hadi Kiingereza. Lakini kuruka huko kuna mantiki kwa anayesoma kwa makini. Mambo ya nyumbani huelekea kusemwa kwa Kĩkamba. Kiingereza huja pamoja na chifu, shule na fomu. Kiswahili huingia habari inapovuka mpaka, pale inapowahusu Watharaka wa ng'ambo ya Tana au wafugaji wa Kisomali na Waorma wanaokuja na mifugo kutafuta malisho. Ugomvi wa malisho katika eneo hili umewahi kuua watu. Ombi la amani likiandikwa kwa Kiswahili, chaguo hilo la lugha ndilo nusu ya maana yake. Mhakiki wa Kiswahili alipaswa kuwa wa kwanza kuliona. Badala yake ameshughulika na upatanisho wa kisarufi.

Kuikataa dharau, hata hivyo, si kujiunga na kambi ya pili, ile ya washangiliaji. Hao hudai kwamba mtandao umemkomboa kila mtu, kwamba baraza la kale limefufuka na sasa kila mkulima ni mchapishaji. Washangiliaji wana ushahidi wao na haufai kubezwa. Katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, Ndesanjo Macha, kwa blogu yake ya Jikomboe, alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba utanzu huo bila kukopa magongo. Mwezi Januari 2008, wakati Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, wanablogu walianzisha Ushahidi, ambapo raia walituma habari za ghasia kwa ujumbe mfupi na kwa wavuti zikawekwa katika ramani. Lakini katika majuma hayohayo, jukwaa la Mashada lilifungwa na mwanzilishi wake kwa sababu ya matusi ya kikabila yaliyokuwa yakimwagwa humo. Raia walewale, vifaa vilevile. Na baraza halisi lina mwenyeji anayejulikana kwa sura. Baraza la simu lina mwenye nyumba huko California, ambaye hubadilisha sheria usiku na kukodisha ukuta kwa mwenye matangazo. Serikali nazo hazikukaa kando. Mwaka 2018 Tanzania iliwataka wanablogu walipie leseni kwa ada zilizozidi shilingi milioni mbili. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2016 kifungu cha sheria kilichokuwa kikitumiwa kuwashtaki walioandika mtandaoni, na kufikia 2018 sheria nyingine ya makosa ya kompyuta ilikuwa imepitishwa. Kuyaita mazingira haya ukombozi ni kusoma tangazo la biashara kana kwamba ni nadharia.

Kambi zote mbili, kwa sababu tofauti, hazihifadhi kitu. Wa kwanza hawahifadhi kwa kuwa hawathamini. Wa pili kwa kuwa wanaamini mtandao hausahau. Mtandao unasahau sana. Google+ ilifungwa mwezi Aprili 2019 na yaliyokuwamo yakafutwa. Jumbe za miaka ya mwanzo ya simu za mkononi katika Ukambani, zikiwamo za njaa na za uchaguzi, zimekwenda na simu zilizouzwa, zilizoibwa na zilizoanguka majini. Tungo za Muyaka zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdalla alizikusanya na William Taylor akazihifadhi, hata zikachapishwa na Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kufa. Sikujua hakungoja chuo kimwambie kwamba Muyaka ni fasihi.

Pingamizi moja ni zito nalo linastahili jibu: mengi ya maandishi haya yamo katika makundi ya faragha, na mtafiti hana haki ya kuyachota. Ni kweli, wala hana. Ila idara hizohizo zimekuwa zikirekodi nyimbo za wanawake wa vijijini tangu miaka ya sabini, mara nyingi pasipo idhini iliyoandikwa na pasipo nakala kurudishwa kwa waimbaji. Haya ya faragha yamegunduliwa ghafla pale kazi mpya ilipojitokeza. Mwongozo wa utafiti nyanjani unaweza kuandikwa upya katika muhula mmoja: idhini ya kundi zima na si ya msimamizi peke yake, majina kuondolewa, matini kutunzwa katika lugha zilimotungwa bila kusahihishwa, sauti kuhifadhiwa kama sauti, na nakala kuwekwa katika maktaba iliyo karibu na wenyewe, Mwingi au Kitui, ambako mtu wa Tseikuru anaweza kufika kwa nauli ya siku moja na kudai kifutwe alichokijutia.