Tamthiliya au Hotuba? Tujisute Wenyewe

Tuseme ukweli hata ukiwa mchungu. Michezo ya kuigiza tunayoiandaa hapa Landani, kwenye kumbi tunazokodi siku za Idd na sherehe za Uhuru, haina mgogoro. Kila mwaka ni yale yale: baba mlevi, mama mvumilivu, binti aliyeharibiwa na Uzungu, na mzee wa busara anayetokea mwishoni kutoa mawaidha. Tunapiga makofi, tunakula biriani, tunarudi makwetu. Wanetu wako nyuma ya ukumbi wakichezea simu, nasi tunawalaumu kuwa wameitupa lugha. Tujiulize: nani asiyechoka kuangalia mchezo ambao mwisho wake anaujua tangu dakika ya kwanza?

Kosa ni letu watunzi. Tunadhani mhusika ni tabia tu. Huyu tunampa chupa, yule tunampa tasbihi, basi, kazi imekwisha. Kumbe mhusika huzaliwa pale anapotaka kitu kwa dhati, na mgogoro huzaliwa anapokutana na mwingine ambaye matakwa yake hayawezi kukaa pamoja na hayo. Wahenga walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tunaleta fahali mmoja na mbuzi aliyefungwa kamba, kisha tunasema ni vita!

Aprili 2012, jumba la Globe, hapa hapa kando ya mto Thames, lilipokaribisha michezo ya Shakespeare kwa lugha mbalimbali za dunia, Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor. Falstaff, bwana mkubwa aliyeishiwa, anawaandikia wake za watu wawili barua ile ile ya mapenzi, maana anazitamani fedha za waume zao. Wanawake wanataka kulinda heshima yao. Ford, mmoja wa waume hao, anataka ushahidi kuwa mkewe si mwaminifu. Matakwa hayo yanapogongana, Falstaff anajikuta ndani ya kapu la nguo chafu, anatupwa mtoni. Kicheko kinatoka humo humo, bila mzee wa mawaidha.

Na kwa yanayoliza, tunaye Ebrahim Hussein na Kinjeketile yake ya 1969. Angeweza kutuandikia Mjerumani mbaya na Mwafrika mwema, akamaliza. Yeye aliupeleka mgogoro ndani ya moyo wa shujaa. Kinjeketile anawapa watu maji yanayowaunganisha, kisha anaingiwa na shaka, anataka wasubiri. Wapi! Neno limeshawashika watu, halirudi. Mwishoni, kifungoni, anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Akikiri, watoto wataambiwa kuwa kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Akikataa, linabaki hai neno lililowapeleka watu wake kwenye risasi. Anakataa, nasi tunabaki tukibishana naye.

Vita vyetu wenyewe haviishi. Mama anaamka saa tisa usiku kwenda kusafisha maofisi. Miaka kumi anatuma fedha kujenga nyumba Tanga. Mwanawe anataka fedha hizo ziwe malipo ya awali ya nyumba hapa hapa, waache kupanga. Mama anaogopa kuzikwa ugenini. Mwana hana kwao kwingine. Nani mbaya hapo? Tukimfanya mwana mhuni, tumeikimbia kazi.

Wenzetu watasema jamii inahitaji mafunzo. Sawa. Lakini funzo ambalo mtazamaji hakuumiza kichwa kulitafuta, hulisahau kabla hajafika kituo cha basi.

Basi kabla ya sherehe ijayo tukubaliane jambo moja. Kila mtunzi amwandikie mhusika asiyempenda maneno ya kujitetea, yenye nguvu ya kututia shaka sisi tulioketi vitini. Asiyeweza, aombe kipaza sauti atoe hotuba yake, nasi tutajua tufike saa ya biriani.