Sindano ya Figo na Pupa ya Mabepari

Mtoto mwenye haiperoksaluria ya msingi ameurithi ugonjwa huo kwa wazazi wake. Ini lake limepungukiwa na kimeng'enya kimoja. Chumvi ya oksaleti huzidi mwilini, mawe hujengeka katika figo, na hatimaye figo hufa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha lumasiran, sindano ya chini ya ngozi inayonyamazisha jeni ili ini lipunguze kutengeneza sumu hiyo. Dawa njema. Lakini bei iliyotangazwa ilikaribia dola 500,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka!

Mabepari wa dawa hudai ati hayo ni malipo ya utafiti. Utafiti wa nani? Njia ya kunyamazisha jeni ilifichuliwa na Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998, kwa msaada wa fedha za walipa kodi. Tena sheria ya Marekani ya mwaka 1983 huwapa watengenezaji wa dawa za magonjwa adimu nafuu ya kodi na miaka 7 ya kuuza bila mshindani. Umma hugharimia, kisha huuziwa jasho lake wenyewe.

Hayo ni ya huko kwa matajiri. Nchini Tunisia, ambako uchunguzi wa miaka ya 1990 uliukuta ugonjwa huu kwa zaidi ya mtoto 1 katika kila 10 waliokufa figo, mzazi wa Sfax akakope benki gani?