TAHARIRI: Anayeuza mtutu ameuza bunduki

Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu katika mteremko wa Kilimanjaro, wamefua chuma kwa vizazi vingi. Mikuki yao iliwafikia Wamasai wa nyanda za chini, na majembe yao yalilima vihamba vya migomba na kahawa. Kazi hiyo ni ya halali na yenye heshima. Qur'ani Tukufu ina sura iliyoitwa kwa jina la chuma, na humo Mola ametaja kwa pamoja ukali uliomo ndani yake na manufaa yake kwa wanadamu.

Mashaka huanza pale tanuri linapotoa mtutu badala ya jembe. Bunduki ya kienyeji, ambayo sote twaiita gobole, aghalabu haiuzwi ikiwa kamili. Huzaliwa vipande vipande. Huyu amekata bomba la chuma, yule amechonga kitako, wa tatu ametafuta kifyatulio, na wa nne ana baruti. Ukimuuliza kila mmoja, atakuapia kuwa hajapata kuuza silaha maishani mwake. Hata hivyo, bunduki ipo, na imeua.

Ndugu msomaji, wanavyuoni wetu walilijadili jambo hili kabla ya serikali yoyote ya leo kuwapo. Walikataza kuwauzia silaha watu wa fitina. Kisha wakauliza: je, na chuma chenyewe? Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi, na wa Shafii ambayo ndiyo yetu walio wengi katika Afrika Mashariki, walisema chuma kina matumizi mengi, hivyo kukiuza si sawa na kuuza silaha. Wanavyuoni wa Maliki walikuwa wakali zaidi. Hoja ya wale wa kwanza ina hekima kubwa, nasi twaishika: bomba lililoko dukani Moshi mjini ni bomba la maji. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayomfunga mwenye kulikata, kulitoboa na kuliziba upande mmoja. Baada ya kazi hiyo halina tena matumizi mengi. Lina moja tu.

Mtume wetu (SAW) alimwelekeza mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Ncha ni sehemu ndogo ya mshale, na ndiyo aliyoitaja.

Sheria za dunia nazo zimefika hapo hapo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 dhidi ya utengenezaji na biashara haramu ya silaha inazitaja sehemu za silaha katika jina lake lenyewe, na mtutu umo miongoni mwake. Marekani, ambako bunduki ni nyingi kupita kiasi, wafanyabiashara waliuza vifurushi vya vipuri visivyo na namba, mnunuzi akaunganisha bunduki nyumbani kwake. Serikali ilitoa kanuni mwaka 2022 kuvihesabu vifurushi hivyo kuwa silaha, na Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaikubali kanuni hiyo.

Hapa kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni kwa mwenye kutengeneza, kuuza na kumiliki silaha. Mwenye kukamatwa na silaha bila kibali hushitakiwa pia chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Wazazi wengi hawalijui hili. Kijana anayehifadhi gobole la marehemu babu yake uvunguni hujiona mrithi, kumbe mbele ya hakimu ni mhujumu uchumi. Moshi ndiko liliko chuo kikongwe cha polisi. Ni ajabu sheria inayofundishwa pale isijulikane kwenye matanuri ya vijijini, mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Twaiomba serikali itangaze kwa Kiswahili chepesi ni kipande gani mhunzi haruhusiwi kukitengeneza, ili asiye na hatia asikamatwe na bomba la maji mkononi. Mwaka 2022 ulitolewa msamaha wa miezi miwili kwa wenye kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Msamaha mwingine ukitolewa, utaje wazi mitutu na vifyatulio, na upitishwe misikitini na makanisani, si polisi peke yake, kwani wako wanaoogopa kituo kuliko wanavyoiogopa bunduki.

Wala tusijifanye kuwa kila mwenye gobole ni jambazi. Wakulima wa Rombo wamelia kwa miaka mingi kuhusu tembo wanaovuka kutoka Kenya na kuyafagia mahindi usiku mmoja. Mtu aliyepiga madebe hadi alfajiri bila askari wa wanyamapori kutokea, ndiye huyo anayekwenda kwa mhunzi kuuliza bei ya mtutu. Wizara ya Maliasili ina sehemu yake katika hesabu hii, na wakulima bado wanaisubiri.