Rangi, saiklodekstrini na umeme: madai manne yasiyosimama

Saiklodekstrini ni sukari yenye umbo la pete inayotokana na wanga, na Mfaransa Villiers aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1891. Aina zake maarufu, alfa, beta na gama, zimeundwa kwa glukosi 6, 7 na 8. Tundu la pete halipatani sana na maji, ndiyo maana molekuli za rangi hupenda kujipenyeza humo. Kuna wanaopima muungano huo kwa upitishaji umeme wa myeyusho, na kuna madai kuhusu njia hiyo yanayohitaji kujibiwa.

Dai la kwanza: sukari haipitishi umeme, kwa hiyo kipimo hakitaona kitu. Kweli haipitishi, lakini anayebeba umeme ni rangi. Rangi ya methili orenji ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni chanya ya sodiamu na ayoni hasi ya rangi. Ayoni ya rangi ikiingia kwenye pete ya beta, hukokota mzigo wenye uzito wa molekuli wa takribani 1,135. Mwendo wake hupungua na upitishaji hushuka. Sukari kutokuwa na chaji ni faida, kwani mabadiliko yanayoonekana hayatokani na umeme wake.

Dai la pili: rangi yote ikifungwa, upitishaji utafika sifuri. Hautafika. Rangi iliyofungwa bado ina chaji na bado inatembea, ingawa polepole. Sodiamu nayo haiguswi na pete: mchango wake katika myeyusho hafifu wa nyuzi 25 hubaki karibu na 50 S·cm² kwa moli. Mshuko una kikomo, na kikomo hicho ni sehemu ya hesabu.

Dai la tatu: upitishaji ukishuka, muungano umethibitika. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukimimina myeyusho wa sukari, unaizimua rangi. Dawa ni kuyeyusha sukari hiyo katika rangi yenye ukolezi uleule. Sukari pia huongeza mnato, na mnato hupunguza mwendo wa kila ayoni. Rudia jaribio kwa kloridi ya potasiamu mahali pa rangi: mshuko utakaouona hapo si wa muungano. Tena, joto likipanda kwa nyuzi moja tu, upitishaji huongezeka kwa takribani asilimia 2, hivyo bila beseni la maji lenye joto thabiti, namba zako hazina mashiko.

Dai la nne: mstari wa grafu ya upitishaji dhidi ya kiasi cha sukari unapopinda ndipo penye uwiano wa muungano. Hilo hufaa pale tu muungano ulipo imara sana. Tuseme kigezo cha muungano, yaani namba inayoonyesha uimara wake, ni lita 1,000 kwa moli, na rangi na sukari zina milimoli 1 kila moja kwa lita. Hesabu inaonyesha kuwa ni asilimia 38 tu ya rangi iliyofungwa. Hapo hakuna kona, kuna mteremko laini. Kona imechorwa na rula. Linganisha data yote na mlinganyo wa muungano wa 1:1, kisha ule wa 1:2.

Upitishaji hueleza kwamba ayoni imepunguza mwendo. Hauelezi imekaaje ndani ya pete. Anayeutumia na aambatanishe jaribio la mnato na njia ya pili, kama ufyonzaji wa mwanga. Asiyefanya hivyo asitangaze kigezo chochote.