Tamko Kuhusu Dai Kwamba Mifumo Endeshi Isiyo na Watumiaji Wengi Haipati Virusi

Sisi mafundi wa kompyuta, wenye stationeri na watoa huduma za intaneti tunaofanya kazi kuzunguka Chimwaga, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, tunatoa tamko hili kwa wateja wetu, kwa wanafunzi na wahadhiri, kwa shule na ofisi zinazotuletea mashine, na kwa mafundi wenzetu wa Dodoma nzima.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo. Kompyuta nyingi za mtumba zilizo mikononi mwa watu hapa kwetu hazikidhi masharti ya Windows 11, na wenye nazo wanauliza wafanye nini. Jibu jepesi linalosikika madukani ni kwamba wahamie Linux kwa sababu haitumiwi na wengi, kwa hiyo haipati virusi. Wengine husema hayohayo kuhusu Mac. Msimamo wetu ni kwamba dai hilo si sahihi kama linavyosemwa, na fundi hapaswi kumuuzia mteja mashine kwa dai hilo.

Tunajua lilikotoka. Kila fundi wa eneo la chuo amewahi kuletewa flashi yenye utafiti wa mwanafunzi ambayo mafaili yote yamegeuka kuwa njia za mkato. Kirusi cha aina hiyo huyaficha mafaili halisi, kikaweka njia za mkato zenye majina yaleyale, na mtu akibofya mojawapo hati ndogo ya amri (script) ya Windows hufanya kazi na kujinakili kwenye mashine. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, hati ile haina pa kufanyia kazi, na mafaili yaliyofichwa huonekana yote kwa sababu Linux haijali alama ya kuficha iliyowekwa na Windows. Utafiti unaokolewa, mwanafunzi anashukuru, na kuanzia siku hiyo anaamini ameona mfumo usioshikwa na virusi. Alichokiona ni kweli: kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hakikuweza kuendeshwa kwenye Linux. Lakini kirusi chenyewe bado kimo ndani ya flashi. Asipokifuta, jioni hiyohiyo atakipeleka kwenye mashine ya kuprintia ya duka la pili, na kutoka hapo kitasambaa kwa kila atakayefuata kwenye foleni.

Uchache wa watumiaji unapunguza idadi ya wanaokuandama. Hilo tunalikubali bila kinyongo. Mwandishi wa virusi anayetafuta mavuno makubwa ataandikia mfumo uliojaa mezani kwa watu, na kwa miaka mingi mfumo huo umekuwa Windows. Tunalokataa ni kuugeuza uchache huo kuwa kinga. Nyumba ya porini hupitiwa na wezi wachache, ila mlango wake usio na komeo hufunguka kwa yeyote atakayefika.

Historia iko wazi. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye mashine za Unix. Wakati ule kompyuta nyingi za mezani zilikuwa za DOS, na Unix ilikuwa ya vyuo na maabara. Hata hivyo ilikadiriwa kwamba mashine 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa zimeunganishwa kwenye mtandao ziliathirika, kwa sababu Unix ndiyo iliyoenea mtandaoni. Mwaka 2012 programu hasidi iitwayo Flashback iliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000 kwa kupitia tundu la Java, ingawa Mac nazo zilisifiwa kwa maneno yaleyale wanayoambiwa wateja wetu leo.

Mfano unaotugusa zaidi ni Mirai, kwa sababu wengi wetu ndio tunaofunga kamera za ulinzi na ruta. Mwaka 2016 Mirai iliteka kamera, ruta na vinasa picha vilivyokuwa vikiendeshwa na Linux, na mbinu yake ilikuwa kujaribu majina na nywila zilizowekwa kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyohudumia majina ya tovuti nyingi, na kwa saa kadhaa watu wengi nchini Marekani walishindwa kufungua Twitter na Netflix. Waliouziwa kamera zile hawakujua kwamba ndani yake kuna Linux. Waliozifunga walijua, au walipaswa kujua, na wakaziacha na nywila ya kiwandani.

Isitoshe, Linux si mfumo wa wachache. Ni ya wachache kwenye meza za stationeri zetu tu. Kwenye seva ndiyo iliyotawala, Android iliyomo kwenye simu za wateja wetu walio wengi imejengwa juu ya kiini chake, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa nayo. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopachikwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux. Aliyeupachika alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea uaminifu kwa watunzaji wa programu hiyo. Hakuna anayetumia muda wote huo kuuandama mfumo asioona faida ndani yake.

Tunawaomba wateja walitazame dai hili na upande wake wa pili. Windows XP na Windows 7 leo ni mifumo ya watu wachache. Kama uchache ungekuwa kinga, hizo zingekuwa salama kuliko zote. Ukweli ni kinyume chake, kwani XP iliacha kuhudumiwa Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na matundu yanayojulikana yamebaki wazi. WannaCry, iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kufikia zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, ilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake Machi mwaka huohuo. Zilizoumia kwa wingi ni Windows 7 ambazo hazikuwa zimesasishwa. Kilichotenganisha aliyepona na aliyepoteza mafaili ni kile kiraka.

Hatusemi Linux isiwekwe. Kwa kompyuta ya zamani isiyoweza kubeba Windows 11, tunaipendekeza waziwazi. Ni bure kwa halali, masasisho yake yanapatikana bila kuvunja kufuli la mtu, programu nyingi hutoka kwenye hazina moja yenye sahihi za uthibitisho, na mtumiaji wa kawaida hapewi mamlaka ya kubadilisha kila kitu. Kiswahili nacho kina historia humo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha yetu. Sababu hizo zinatosha kumshawishi mteja. Hazihitaji kuongezewa ahadi isiyotimizika.

Kwa mafundi wenzetu tunasema haya kwa uzito. Virusi vingi tunavyovisafisha vimeingizwa na Windows za kukraki na zile programu za kuamsha leseni zinazomtaka mtu kwanza azime antivirusi. Fundi anayeziweka kwenye mashine ya mteja ameshaifungua mashine hiyo kabla mteja hajaiwasha. Fundi aliye pamoja nasi katika tamko hili hataziweka. Hatakabidhi kamera wala ruta yenye nywila ya kiwandani. Atasafisha flashi kabla ya kuirudisha, hata kama mashine yake mwenyewe ni ya Linux. Na kwa kuwa stationeri zetu hupokea vyeti na nakala za vitambulisho vya NIDA kila siku, atayafuta mafaili ya mteja kazi ikiisha, kama inavyostahili chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wanafunzi, msiweke utafiti wenu kwenye flashi moja tu. Wekeni nakala ya pili mahali pengine, kabla ya wiki ya kukusanya kazi. Na wote kwa jumla mkumbuke kwamba ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujali simu yako ina mfumo gani, wala ukurasa wa bandia unaoomba nywila haujali.

Tunatoa wito kwa wakuu wa shule na ofisi za Dodoma: mnapomwita fundi, msimuulize mfumo upi haupati virusi. Muulizeni mfumo anaouweka utapata masasisho hadi mwaka gani, programu zake zimetoka wapi, na nani ameshika nywila. Asipoweza kujibu hayo matatu, msimkabidhi mashine.