Ndizi za Bukoba na Sinia la Idi

Sina mazoea ya kuandika juu ya vyakula. Kwa zaidi ya miaka thelathini kalamu yangu imeshughulika na vina na mizani, na kufasiri tungo za watu wengine. Lakini lipo jambo lililotokea katika nyumba ya ukoo wetu, Ng'ambo, mchana wa Idi-el-Fitri iliyopita, ambalo kila nikitaka kuandika jingine linanitangulia. Bora niliandike, nimalizane nalo.

Masinia yalikwisha kupangwa juu ya busati. Pilau ilikuwapo, na bokoboko iliyobaki asubuhi, na kachumbari, na achari ya ndimu. Zilikuwapo pia mbatata za kukaanga zilizonunuliwa njiani, chupa za soda, na chupa ya sosi ya tungule. Mke wa mpwa wangu, binti wa Bukoba aliyeolewa kwetu si zamani, alikuwa ameamka alfajiri kupika ndizi kwa maharage, kama mama yake anavyopika siku kubwa. Mumewe akalileta bakuli, akaliweka kati. Shemeji yangu mmoja, mtu mzima ambaye neno lake kwetu lina uzito, akalisogeza kwa vidole viwili mpaka ukingoni mwa busati, akasema: "Hiki si chakula cha Idi. Mwacha asili ni mtumwa." Watu wakacheka. Nyuma ya pazia mwenye bakuli alikuwa akisikia. Jioni alilichukua likiwa limejaa vile vile, akamwambia mke wangu kwa upole: "Mama, Idi nyingine mimi nitaleta maji ya kunawa tu."

Nami, ninayejiita mtu wa maneno, nilinyamaza. Haya ninayoyaandika ni jibu lililonipasa kulitoa pale pale.

Tuianze hiyo asili iliyotajwa. Sinia lenyewe lina jina la Kiarabu, na katika Kiarabu maana yake ya mwanzo ni kitu cha Kichina. Pilau na biriani ni majina ya Kiajemi. Kachumbari ni jina la Kihindi. Tungule zilizomo ndani ya kachumbari hiyo, na pilipili inayotutoa jasho, na mbatata ambayo bila yake biriani yetu haitimii, zote asili yake ni bara la Amerika, na hakuna mtu wa mwambao huu aliyepata kuzionja kabla ya Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi mwishoni mwa karne ya 15. Karafuu, ambayo tunaiita yetu mpaka tumekuwa tukijulikana kwayo duniani, asili yake ni visiwa vya Maluku, nayo ilipandwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Bokoboko yetu ni ndugu wa harisi, chakula ambacho Ibn Sayyar al-Warraq alikwisha kukiandika katika kitabu chake cha mapishi huko Baghdad katika karne ya 10, na ambacho mwaka 2023 UNESCO ilikiingiza katika orodha yake ya turathi kwa ombi la Oman, Umoja wa Falme za Kiarabu na Saudi Arabia.

Siyasemi haya kulidharau sinia letu. Ninalipenda, na ndiyo maana nimetaka kulijua. Ninachosema ni kwamba kila kilichomo ndani yake kiliwahi kuwa kigeni siku moja, kikaletwa na mtu, na mtu huyo aghalabu alikuwa mwanamke aliyeolewa kutoka mbali, akapika kile alichokijua kwao. Lau shemeji yangu angekuwapo siku ya kwanza mbatata ilipotiwa ndani ya biriani, leo tungekuwa tunakula biriani isiyo mbatata.

Sasa tuje kwenye ndizi. Al-Masudi, msafiri aliyepita katika bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba watu wa pwani ya Zanji walikuwa wakila ndizi, nazo zilikuwa tele kwao kama zilivyo tele India. Basi hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Ndizi imeitangulia tungule katika pwani hii kwa zaidi ya miaka mia tano, na imeitangulia karafuu kwa takriban miaka mia tisa. Kama ni ukongwe unaotafutwa, basi bakuli lililosogezwa ukingoni ndilo lililostahili kukaa kati, na kachumbari ndiyo iliyopaswa kubisha hodi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hadi kwa al-Masudi. Mwezi mzima wa Ramadhani, siku ishirini na tisa au thelathini, ni nani kati yetu asiyefuturu kwa ndizi za nazi? Shemeji yangu ni bingwa wa ndizi za nazi. Mwezi ulipoandama, kulipokucha, ndizi ile ile imepikwa kwa maharage badala ya tui, imekuwa si chakula chetu. Nini kilichobadilika usiku mmoja? Ndizi haikubadilika. Aliyebadilika ni mpishi.

Hapa ndipo penye jipu, na lazima litumbuliwe. Zile mbatata za kukaanga hazikusogezwa. Soda haikuulizwa kwao wapi. Chupa ya sosi ya kiwandani ilikaa karibu na pilau kama mwenye nyumba, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa hiyo kilichokataliwa siku ile hakikuwa kipya, maana vipya vilikuwamo tele. Lililokataliwa ni lile bakuli moja ambalo nyuma yake palikuwa na mtu, na mtu huyo ana lafudhi ya bara. Tumeitumia methali ya wazee kama fimbo ya kumpigia mke wa mtoto wetu, kisha tukaiita fimbo hiyo utamaduni.

Najua atakayenijibu. Atasema: tukifungua mlango kwa kila bakuli, sinia la Idi litageuka meza ya hoteli, kila mtu anaokota anachotaka, na watoto wetu hawataijua Idi kwa ladha yake. Atanikumbusha pia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini wapenzi wa ushairi wanalijua jibu lake, kwa sababu wanalitumia kila siku. Shairi lina kibwagizo, na lina beti. Kibwagizo hakiguswi, ndicho kinachorudi, ndicho kinachotujulisha tuko wapi. Beti huongezwa kadiri mtunzi alivyo na la kusema, maadamu kila ubeti mpya unakubali vina na mizani na unarudi kwenye kibwagizo kile kile. Hakuna aliyepata kusema kwamba ubeti wa tisa umeuharibu ubeti wa kwanza.

Bokoboko na pilau ni kibwagizo cha Idi yetu. Ziacheni mahali pake. Chochote kitakachoongezwa kando yake na kifuate sheria ya sinia, ambayo kila mtoto wetu anaijua bila kufundishwa: kipikwe kwa ajili ya wengine, kifikiwe na kila mkono, na sehemu yake ivuke kizingiti iende kwa jirani. Kwa sheria hiyo, ndizi za Bukoba zinaingia kichwa juu. Kama kuna cha kutoka, ni ile chupa ya soda ambayo kila mtu hushika yake na kuiinamia peke yake.

Na bado sijasema lililo kubwa zaidi. Wanaojiita walinzi wa sinia la asili, wengi wao ni wanaume, na ninajitia mimi mwenyewe. Ni nani kati yetu aliyepata kuisonga bokoboko? Ngano hulowekwa, nyama huchemshwa mpaka ikaachana na mfupa, kisha sufuria husimamiwa usiku, mwiko hauna kupumzika, mpaka ngano na nyama visitambulikane. Katika nyumba yetu wanawake wanaoiweza kazi hiyo wamebaki wawili, nao ni watu wazima, mabega yanawauma. Usiku ule wa kuamkia Idi, aliyempokea mwiko mmoja wao saa nane ni binti huyo huyo wa Bukoba. Alijifunza kibwagizo chetu kabla ya kuuleta ubeti wake. Nasi tuliokuwa tumelala tuliamka, tukala bokoboko aliyoisonga, kisha mchana tukamfundisha asili.

Bokoboko haitauawa na ndizi. Itakufa siku ambayo hapatakuwa na mkono wa kuushika mwiko, na mikono hiyo hatuna mingi ya kuichezea. Anayemfukuza aliyekuja kujifunza, kisha akalia kwamba mila inapotea, amekata tawi alilolikalia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mikono mitupu.

Idi ijayo, Mungu akituweka hai, nitakuwa jikoni usiku, nijifunze mwiko kwa kuchelewa kwangu. Nimekwisha kwenda kwa mpwa wangu, nikamwomba radhi mkewe mbele yake, na nikamwomba apike tena. Hakunijibu, alicheka kidogo akatazama chini, na mimi sina haki ya kumharakisha. Akikubali, bakuli lake nitalipokea mimi mwenyewe mlangoni, nitaliweka kati ya sinia, na nitakuwa wa kwanza kulitia mkono. Asiyetaka, pilau ipo.